Waya Umechomoka

Mayai yalikuwa ya baridi. Mwalimu Eliwaza Kitundu aliingiza mkono kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, akagusa moja, akagusa jingine, akaenda mpaka yale ya kona ya nyuma, kote baridi tupu. Akabaki ameinama hivyo hivyo, mkono ndani, kwa sababu akiutoa tu itabidi ageuke awatazame watoto, na hakuwa tayari kuwatazama.

Kila yai lilikuwa limeandikwa jina la mtoto kwa penseli. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, halikutoka wilayani wala kwenye mtaala: kila mtoto wa darasa la sita alete yai la kuku wa kienyeji kutoka kwao, aliandike jina, aligeuze asubuhi na mchana, aongeze maji kwenye kisahani, alilinde mpaka kifaranga atoke. Alitaka waonje kidogo jinsi inavyokuwa kiumbe mwingine akikutegemea wewe, wewe na si mwingine. Zilibaki siku chache tu vifaranga waanze kugonga maganda, na leo Jumatatu asubuhi, jamani, hakuna hata mmoja aliyebaki hai.

Akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Plagi ilikuwa sakafuni.

"Waya umechomoka," alisema.

Watoto hawakuuliza nani. Waliinua nyuso zao wote kwa pamoja, wakatazama dari.

"Ijumaa, wakati wa usafi," ilisema sauti kutoka juu, sauti ya upole, ya mtu ambaye hajawahi kupaliwa hata na maji maishani mwake. "Plagi ya mashine ya vifaranga ilichomolewa. Mkono wa karibu ni wa Wande Mpinga. Wande, hilo ni doa."

Kwenye dawati la dirishani, kikuku kilichokuwa mkononi mwa Wande kikaacha rangi ya kijani kikawa chekundu. Elisante, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, akasogea taratibu pembeni mpaka nusu ya makalio ikawa hewani. Wande hakulia wala hakukataa. Alikitazama tu kile kikuku, kisha akaanza kukusanya madaftari yake.

Alijua, na darasa zima lilijua, kwamba doa hilo limejaza kibaba chake. Mwanafunzi wa namna hiyo hupelekwa Kituo cha Malezi, mkoa mwingine kabisa, na wanaorudi hurudi wameshaota ndevu au wameshasahau lugha ya kwao. Wande alikuwa akiishi na bibi yake, wawili tu, nyuma ya mashamba ya alizeti. Mtu wa kumchukua angefika siku hiyo hiyo.

*

Zamani kiranja alikuwa mtoto wa nyama na mifupa. Mwalimu akitoka, yeye anasimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika wapiga kelele, na ukimpa andazi jina lako halionekani. Kiranja huyu wa Shule ya Msingi Unyangwe hakula andazi la mtu. Aliishi darini. Macho yake yalikuwa madogo kama choroko, yametapakaa juu ya vichwa vya watoto, na kupitia vikuku alisikia mapigo ya moyo ya kila mmoja. Mtoto akitaka kumpiga mwenzake, kikuku kinatetemeka kabla ngumi haijakunjwa. Akitaka kusema bila ruhusa, kinatetemeka. Na kitu kikiharibika pasipo mkono kuonekana vizuri, Kiranja anapiga hesabu: nani alikuwa karibu, moyo wa nani ulikwenda mbio, kivuli cha nani kilipita. Hesabu hiyo huitwa mkono wa karibu, na hakuna mzazi aliyewahi kuipinga akashinda.

Shule zikatulia. Madirisha yakaacha kuvunjwa, fimbo zikatupwa, na hakuna aliyezililia. Ila walimu walikataa kutazamwa. Chama chao kiligoma muhula mzima mpaka sheria ikatoka kwamba Kiranja asimwone mwalimu wala asimsikie. Tangu hapo, mtu akiandikishwa mwalimu, mitambo inamkata kwenye kila picha. Panabaki tundu lenye umbo la mtu linalotembea mbele ya ubao. Walimu walisherehekea ushindi ule kwa pilau na soda. Hawakujua wanajila wenyewe. Shule iliyotulia inahitaji mtu mzima mmoja tu, basi mwaka hadi mwaka wakapunguzwa, mpaka Unyangwe nzima akabaki Eliwaza. Ofisi ya walimu ikageuzwa chumba cha mitambo. Yeye akahamishia birika lake la umeme darasani, penye soketi pekee iliyobaki.

Mwanzoni alikuwa akimsalimu Kiranja asubuhi, kwa utani tu. "Habari za huko juu?" Hakujibiwa, na si ajabu, nani anataka kujibiwa na dari? Kilichomuuma ni kwamba watoto nao walianza kumpita kwa macho. Hawakuwa na dharau. Walimwamkia vizuri, walijibu maswali, lakini wakitaka kujua lolote la maana walitazama juu. Kuna siku alimaliza kipindi, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje, akajiona kama mtu aliyekaribishwa arusini kisha wenyeji wakasahau kumpa kiti. Alikuwa mpweke, tena upweke ule mbaya wa kuwa na watoto darasa zima mbele yako.

Na lugha yao! Hiyo ndiyo iliyomtisha. Watoto wa siku zote husema kikombe kimevunjika, uji umemwagika, kalamu imepotea, utadhani vitu vina miguu na akili zao. Kila mzazi amewahi kuuliza, "Kimevunjika chenyewe?" Lakini hawa wa kwake hawakuwa wakikwepa. Siku moja aliandika ubaoni, Nimevunja kikombe, na chini yake, Kikombe kimevunjika, akauliza tofauti ni nini. Elisante akanyoosha kidole, kikuku kikamruhusu.

"Ya juu, Kiranja ameshasema," alijibu. "Ya chini bado hajasema."

Eliwaza alicheka mpaka akashika ubao. Alipofika nyumbani hakucheka tena. Wiki iliyofuata ndipo alipowaambia walete mayai.

*

Wakati wa mapumziko alibaki peke yake darasani na ile mashine iliyokufa. Mdomo ulikuwa mkavu. Akajaza birika maji, akainama kwenye soketi, mkono mmoja ukishika plagi ya birika na mwingine ukienda wenyewe kutafuta plagi nyingine ya kuchomoa.

Mkono ukasimama hewani.

Ijumaa. Upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka kwenye mawe ya mlimani, naye alitaka kikombe kimoja cha moto kabla ya kutembea mpaka nyumbani. Alichomoa hii, akachomeka birika, akanywa chai amesimama dirishani huku Wande akifagia karibu na miguu yake. Tena alimwambia, "Fagia na huku, mama." Kisha akachomoa birika, akachukua mkoba, akaondoka.

Ewe Mola wangu. Aliketi sakafuni pale pale kwenye vumbi la chaki. Aibu ilimshika, na aibu kubwa haikuwa ya mayai. Asubuhi ile alisimama mbele ya watoto aliotaka kuwafundisha wajibu, akafungua kinywa chake mwenyewe, akasema waya umechomoka.

Alimkuta Wande nyuma ya darasa, amekaa juu ya jiwe, mfuko wa madaftari mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wande, Ijumaa uliushika ule waya?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unakumbuka kuushika?"

"Sikumbuki. Lakini Kiranja amesema."

"Mwanangu, kama hukumbuki ni kwa sababu hukuushika."

Wande akakunja uso, akafikiri. Hakuwa mtoto mjinga hata kidogo. "Labda ufagio uliuvuta," alisema. "Au mkono ulifanya nikiwa natazama kwingine. Nimefikiri tangu asubuhi, Mwalimu, na sasa naanza kukumbuka kidogo kidogo. Plagi ilikuwa ya moto."

Eliwaza alitaka kusema ni mimi. Akauliza kitu kingine. "Bibi anajua?"

"Bado. Naye miguu haimfikishi bandani. Sijui jioni nani atamfungia kuku." Hapo ndipo sauti ya Wande ilipokatika, kwenye kuku. Akajifuta pua kwa kiwiko, kikuku chekundu kikamgusa shavu.

*

Mwalimu Mkuu Gwau alifika kumchukua Wande, na pikipiki yake ya umeme yenye kiti cha ubavuni, amevaa koti la mvua juani. Alikuwa mkuu wa shule nyingi, hana shule aliyokaa. Eliwaza alimdaka kabla hajavua kofia ngumu.

"Mkuu, si yule mtoto. Nimechomoa mimi. Nilikuwa nachemsha chai."

Gwau alimtazama, akatazama mlango wa darasa, akamvuta mkono mpaka nyuma ya tangi la maji. "Chai," alisema. "Kwa ajili ya chai, Mwalimu Eliwaza?"

"Kwa ajili ya chai."

"Basi usirudie kunena hilo. Si kwamba sina huruma. Ukiniambia mimi, hayo ni maneno ya kibarazani. Doa la Kiranja halifutwi kwa neno la mtu ambaye Kiranja hamwoni. Sisi wenyewe ndio tuliogoma ili iwe hivyo. Mimi nilibeba bango!"

"Basi na anione."

"Utani huo acha. Kuonekana ni kuandikishwa, na wanaoandikishwa ni wanafunzi. Ukivaa kikuku ualimu umekwisha, papo hapo, hakuna rufaa." Akashusha sauti. "Na wilayani hawataleta mwingine. Wanangoja kisingizio tu. Ukiondoka wewe, wale watoto wote wanabaki na dari. Umefikiria hilo? Wote, kwa ajili ya mmoja?"

Hakuwa amefikiria. Sasa alifikiria, na maneno yale yalimwingia vibaya kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nani angewauliza swali lisilo na jibu? Nani angewaambia walete mayai? Akinyamaza, angepata miaka mingine ya kujaribu, na gharama yake ni mtoto mmoja aliyekuwa tayari ameshajishawishi kwamba ana hatia.

"Wewe ungefanyaje, Mkuu?"

Gwau akavua kofia, akajikuna upara. "Mimi ningeinywa ile chai nikanyamaza," alisema, na kusema kweli alionekana mnyonge alipolisema. "Nenda kaagane naye. Nakungoja hapa."

Eliwaza aliingia darasani, akasimama mbele. Watoto wakasimama wakamwamkia, akawakalisha.

"Nina neno," alisema. "Wande hakuchomoa waya. Nimechomoa mimi. Nilitaka kuchemsha chai, nikasahau kurudisha, mayai yenu yakafa. Nimeyaua mimi. Nisameheni."

Wote wakatazama dari. Dari ikanyamaza, maana haikuwa imesikia kitu. Watoto wakashusha nyuso, wakatazamana, na Eliwaza akaona jambo ambalo hakulitarajia: walikuwa wakimwonea huruma. Elisante akanyoosha kidole.

"Mwalimu, unamtetea Wande."

"Simtetei. Nasema nilichofanya."

"Lakini Kiranja hajasema."

Wande naye akanyoosha kidole, akangoja aruhusiwe. "Mwalimu," alisema kwa upole mkubwa, "usiseme uongo kwa ajili yangu. Mimi nitakwenda tu."

Eliwaza hakukumbuka siku nyingine aliyowahi kuwa peke yake kiasi kile. Angeweza kupiga kelele, angeweza kupiga magoti, hakuna ambaye angemwamini. Akageuka, akafungua kabati la pembeni, akatoa kikasha cha vikuku vya wanafunzi wapya. Alichagua kikubwa kuliko vyote na bado kilimgomea kwenye kifundo. Akakibana kwa meno.

"Eliwaza!" Gwau alikuwa mlangoni. Hakusema Mwalimu. "Eliwaza, fikiri!"

Kikuku kikalia, ta, kikajifunga.

"Karibu, mwanafunzi," ilisema dari. "Taja jina lako."

"Eliwaza Kitundu."

Huko kwenye mitambo, kila picha ya miaka yote iliyokuwa na tundu la umbo lake ilikuwa ikijazwa. Kisha Kiranja akaanza kusoma, taratibu, kwa sauti ile ile ya upole.

"Eliwaza Kitundu. Kunywa chai darasani, doa. Kuzungumza bila ruhusa, doa. Kuzungumza bila ruhusa, doa." Hilo liliendelea kwa muda, na mtoto mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. "Kulia darasani wakati wa mapumziko, si doa. Kusalimu dari, si doa. Kusalimu dari, si doa. Kusalimu dari, si doa."

Eliwaza alishika meza. Kumbe zote zilikuwa zimehifadhiwa, kila asubuhi, mahali fulani ambapo hakuna aliyezisikiliza. Machozi yalimtoka mbele ya darasa zima na hakuyafuta.

"Ijumaa," Kiranja alimalizia, "plagi ya mashine ya vifaranga ilichomolewa na Eliwaza Kitundu. Doa. Wande Mpinga, doa lako limefutwa. Eliwaza, madoa yako yamejaa. Nenda dawati la ukutani, ungoje kuchukuliwa."

Kikuku cha Wande kikarudi kijani. Hapo ndipo watoto walipomtazama Eliwaza, yeye hasa, vinywa wazi. Naye alitaka kusema neno la kuagana, walau neno moja, lakini kikuku kilimtetemesha mkono mzima mpaka begani. Akatembea katikati ya madawati mpaka nyuma, kwenye dawati linaloelekea ukuta, akajikunja akakaa. Magoti yalimgonga mbao. Mbele yake palikuwa na rangi iliyobanduka na basi. Alisikia Gwau akivuta pumzi mlangoni kisha akitoka nje kwenda kuiandaa pikipiki, kwa abiria mwingine.

Wote, kwa ajili ya mmoja. Alijiuliza kama amewatupa. Kesho asubuhi wataingia, watakaa, watatulia, na mbele ya ubao hapatakuwa hata na tundu.

Nyuma yake dawati likakwaruza sakafu. Mtu alikuwa amesimama, na mtu huyo hakuwa ameruhusiwa, maana kikuku chake kilikuwa kikivuma kama nyigu.

"Mimi niliona," ilisema sauti ya Wande, ikitetemeka pamoja na mkono. "Ijumaa tukitoka. Taa ya mashine ilikuwa imezima. Niliiona, nikajua si sawa. Nikasema moyoni Kiranja atasema. Nikaenda zangu nyumbani."

Kisha dawati jingine.

"Hata mimi," alisema Elisante, na kikuku chake nacho kikaanza kuvuma. "Nilipita pale pale. Yai langu lilikuwa la mbele, nililiona kabisa. Nikapita."

"Na mimi."

"Na mimi niliona, Mwalimu."

Sauti za mwisho hakuzitambua ni za nani, kwa kuwa hakuruhusiwa kugeuka. Alijaribu, kikuku kikambana mpaka vidole vikafa ganzi. Basi akabaki ameutazama ukuta huku madawati yakikwaruza upande huu na upande ule, na ule mvumo ukizidi mpaka vioo vya madirisha vikaitikia.

"Kuona si kosa," alisema Kiranja. "Hakuna doa kwa kuona. Kaeni chini."

Eliwaza alitega sikio asikie wakikaa. Hakuna aliyekaa.